Watu Hewa: Rushwa, Maendeleo na Hesabu ya Watu

Somo la darasa la wakubwa. Lisomwe nyumbani pamoja na mzazi.

Wanafunzi wetu wapendwa, na wazazi mnaokaa nao mezani kusoma: muhula huu tumekuwa tukizungumza juu ya sensa, na wengi wenu mlileta darasani habari mlizopewa na babu na bibi kwa simu, kijiji kilikuwa na nyumba ngapi zamani na sasa kina ngapi. Katika mazungumzo hayo likazuka swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa dakika tano zilizobaki kabla ya mapumziko: "Mwalimu, nchi zetu ni maskini kwa sababu tumezaana sana?" Mwenzake akadakia kwamba hapana, ni kwa sababu wakubwa wanaiba. Kila mmoja alikuwa ameshika kipande. Leo tujaribu kuviweka vipande hivyo pamoja, na tuanze na neno moja dogo.

Neno la wiki: hewa

Hewa ni hii tunayoivuta. Haionekani na haishikiki, lakini ipo. Ukisoma magazeti ya Dar es Salaam utaikuta mahali pengine kabisa: mfanyakazi hewa, mwanafunzi hewa, pembejeo hewa. Hapo maana imegeuka. Kitu kimeandikwa kwenye karatasi, lakini ukienda kukitafuta hukikuti. Mfanyakazi hewa ni jina lililomo katika orodha ya mishahara ya serikali ambalo halina mtu. Pengine mwenyewe alifariki, pengine alistaafu au aliacha kazi, pengine hakuwahi kuzaliwa. Mshahara wake hutoka kila mwisho wa mwezi, na yupo mtu mwenye mikono na mifuko anayeupokea.

Kisarufi, "hewa" hapa inafanya kazi ya kivumishi lakini haichukui kiambishi. Tunasema mfanyakazi mzuri, wafanyakazi wazuri; lakini mfanyakazi hewa, wafanyakazi hewa. Ni nomino iliyosimama nyuma ya nomino nyingine ili kuieleza, kama katika askari kanzu, bata mzinga na njugu mawe. Msiseme "wafanyakazi wa hewani", maana hao watakuwa marubani.

Neno hili lilivuma sana mwaka 2016. Mwezi Machi mwaka huo Rais John Magufuli, aliyekuwa ameingia madarakani miezi michache tu kabla, aliwaagiza wakuu wa mikoa wawatafute watumishi hewa katika maeneo yao na kuwaondoa. Kufikia Mei yalikuwa yamefutwa majina zaidi ya 10,000, na serikali ikasema mishahara yao ilikuwa ikiigharimu zaidi ya dola milioni 2 za Marekani kila mwezi. Mwaka uliofuata, Aprili 2017, ikatolewa orodha nyingine ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Hao walikuwepo, na kila asubuhi walikwenda kazini. Kwao cheti ndicho kilichokuwa hewa.

Na tukiwa bado kwenye maneno, wazazi kutoka Kenya na wazazi kutoka Tanzania mara nyingi hawaelewani hapa, kwa hiyo tuyapange. Rushwa ni neno lenye asili ya Kiarabu, nalo Tanzania ndilo jina la jumla. Chombo kinachoshughulika nalo ni TAKUKURU, yaani Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. Kenya jina la jumla ni ufisadi, nalo pia limetoka kwenye Kiarabu, katika maana ya kuharibika. Mtanzania akisema ufisadi anafikiria mabilioni. Askari wa barabarani anayepokea elfu tano, kwake yeye, amekula rushwa, hajafanya ufisadi. Hongo nayo ina historia yake. Karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ililipa hongo kwa watemi ili ipite katika nchi zao. Ulikuwa ushuru wa njia, unalipwa mchana kweupe kwa vitambaa, shanga na waya. Neno limebaki, ule uwazi wake umepotea.

Kisha kuna majina ya kuficha: chai, kitu kidogo, hela ya soda. Takrima, ambayo maana yake ya asili ni ukarimu, iliingizwa katika sheria ya uchaguzi ya Tanzania mwaka 2000 ili mgombea aruhusiwe kuwakirimu wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ikaitupilia mbali mwaka 2006. Angalieni jinsi majina haya yanavyozunguka kula na kunywa. Anayekunyima haki yako anakuomba kikombe cha chai, na wewe usiyetoa ndiye unayeonekana huna adabu.

Pesa hufuata vichwa

Sasa tuje kwenye idadi ya watu. Katika shule zenu za Jumatatu hadi Ijumaa, hapa Uingereza, mwalimu huita majina asubuhi na tena mchana. Alhamisi ya kwanza ya Oktoba shule huhesabu wanafunzi wake rasmi, na hesabu hiyo huamua sehemu kubwa ya fedha ambazo shule itapata mwaka unaofuata. Mtoto akihama, fedha zake nazo huhama. Ndiyo maana karani wa shule hukasirika hasa mkichelewa siku hiyo.

Tanzania nako pesa hufuata vichwa. Kuanzia Januari 2016 serikali iliondoa ada na michango ya lazima mpaka kidato cha nne. Badala yake shule hupewa ruzuku kwa kila mwanafunzi, na kiwango kilichowekwa kisera ni shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mtoto wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Mwaka huo wa kwanza watoto walioandikishwa darasa la kwanza waliongezeka kwa mamia ya maelfu kuliko mwaka uliotangulia. Wengine walikuwa wamekaa nyumbani kwa kukosa hela, sasa mlango umefunguliwa. Na hapo hapo hewa nayo ikaingia: uhakiki uliofanyika mwaka huo huo ulikuta wanafunzi hewa kwa makumi ya maelfu. Yaani watoto halisi wanabanana kwenye madawati, wengine wameketi sakafuni, huku kwenye karatasi watoto wasiokuwepo wamepata nafasi bila shida yoyote.

Mfano ulio wazi kuliko wote, kwa maoni yangu, unatoka Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya huko iliongeza fedha za shule za msingi, lakini takwimu rasmi zilionyesha kwamba idadi ya wanafunzi haiongezeki. Watu wakashangaa. Pesa zinaongezeka, watoto wako wapi? Watafiti, wakiwemo Ritva Reinikka na Jakob Svensson wa Benki ya Dunia, wakaenda shuleni kwenyewe na kufungua madaftari. Walikuta mambo mawili. La kwanza, watoto walikuwepo na walikuwa wakiongezeka. Karatasi za wizarani ndizo zilizokuwa zimebaki nyuma. La pili, kati ya mwaka 1991 na 1995 shule zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku ile ya kila mwanafunzi iliyotolewa na serikali kuu. Shule nyingi hazikupata hata senti. Fedha zilikwama wilayani, zikageuzwa matumizi mengine au zikaingia mifukoni. Wazazi ndio walioendesha shule kwa michango yao, na wengi wao hawakujua kwamba ruzuku ipo.

Dawa iliyotumika ilikuwa rahisi mno ukiitazama kwa macho ya leo. Serikali ilianza kuchapisha magazetini ni fedha kiasi gani zimepelekwa wilaya gani mwezi gani, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Mzazi anasoma gazeti, anatembea mpaka shuleni, analinganisha. Kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ilikuwa ikifika. Wapo wataalamu wanaosema si gazeti peke yake, kwamba yalikuwepo mageuzi mengine na shinikizo kutoka juu, na nadhani wana haki kusema hivyo. Lakini kumbukeni kilichotokea katikati: mwaka 1997 Uganda iliondoa ada shule za msingi, na wanafunzi wakapanda kutoka karibu milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 kwa mwaka mmoja. Fikirieni mafuriko hayo yangekuta shule zinazopokea asilimia 13.

Sensa yenyewe ikitiliwa shaka

Kama pesa hufuata vichwa, kuna njia nyingine ya kuzipata: ongeza vichwa.

Kenya ilihesabu watu mwaka 2009 ikapata milioni 38.6. Matokeo yalipotangazwa Agosti 2010, mwezi ule ule katiba mpya ilipozinduliwa, Waziri wa Mipango wakati huo, Wycliffe Oparanya, alifuta matokeo ya wilaya nane za kaskazini, katika maeneo ya Mandera, Wajir, Lagdera na Turkana. Hoja yake ilikuwa ya hisabati. Mkoa wa Kaskazini Mashariki ulikuwa na watu chini kidogo ya milioni 1 mwaka 1999, na sasa umeonyesha milioni 2.3. Kwa miaka kumi, kuzaliwa peke yake hakuwezi kufikisha huko.

Wenyeji walikuwa na hoja zao pia, na msizipuuze. Ni nchi kubwa, ya wafugaji wanaohama, iliyosahauliwa na serikali tangu ukoloni. Sensa za nyuma zingeweza kabisa kuwa ziliwaruka wengi. Kesi zikapelekwa mahakamani. Sitawaambia nani alikuwa mkweli. Ninachotaka mkione ni kwa nini watu waligombania namba kama wanaogombania ardhi. Katiba mpya iliunda kaunti 47 na kusema zitagawiwa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Katika kanuni ya kwanza ya kugawa fedha hizo, asilimia 45 ilitegemea idadi ya watu. Majimbo ya ubunge nayo hukatwa kwa kufuata idadi ya watu. Namba ikipanda, hospitali inakuja. Mahali ambapo watu hawaamini kwamba fedha zitagawiwa kwa haki, kila mmoja ana sababu ya kujihesabu mara mbili, na anayejihesabu kwa uaminifu anaonekana mjinga.

Kuna hali mbaya zaidi ya hiyo, nayo ni kutohesabu kabisa. Wenzenu ambao wazazi wao wametoka Bukavu, Goma au Lubumbashi wana jambo la kutufundisha hapa: sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984, nchi ikiwa bado inaitwa Zaire, ikapata watu kama milioni 30. Leo huwa tunasikia kwamba Wakongo ni zaidi ya milioni 100, lakini hayo ni makadirio. Hakuna aliyekwenda mlango kwa mlango.

Na msidhani hizi ni hadithi za Afrika tu. Karibu na Salisbury kuna kilima kinaitwa Old Sarum. Baadhi yenu mmepelekwa huko na shule. Zama za kati palikuwa na mji na kanisa kuu. Watu wakahama, mji ukafa, lakini kilima kile kiliendelea kupeleka wabunge wawili London mpaka mwaka 1832, kwa kura za watu wachache waliochaguliwa na mwenye ardhi. Viti hivyo vilinunuliwa na kuuzwa. Wakati huo huo Manchester, mji uliojaa viwanda na watu wengi mno, haukuwa na mbunge wake hata mmoja. Huo ulikuwa mji hewa wenye sauti na mji halisi usio na sauti. Watu walikuwa wamehama, hesabu ikakataa kuhama nao kwa sababu wapo waliofaidika isipohama.

Basi, wingi wa watu ndio umaskini?

Turudi kwenye swali lenu. Tanzania ilikuwa na watu milioni 12.3 katika sensa ya mwaka 1967. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta milioni 61.7, mara tano. Uingereza katika muda huo huo imetoka kama milioni 55 hadi 67. Kasi ya ukuaji wa Tanzania kati ya mwaka 2012 na 2022 ilikuwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Kuna njia ya mkato ya kujua maana yake: gawanya 70 kwa kasi hiyo. Unapata karibu 22. Yaani kasi ikiendelea hivyo, watu wataongezeka mara mbili kila baada ya miaka 22.

Maana yake nini kwa mwalimu mkuu wa kijijini? Kwamba ndani ya miaka 22 anahitaji shule ya pili kama hii aliyonayo, walimu wengine kama hawa, visima na vyoo vingine, ili mambo yabaki vile vile tu yalivyo leo. Si yaboreke. Yabaki. Zaidi ya Watanzania 40 kati ya kila 100 hawajafikisha umri wa miaka 15. Wanakula, wanasoma, wanaumwa, na bado hawajaanza kufanya kazi. Nchi yenye vijana wengi hivi inaweza kuja kupata utajiri mkubwa wa nguvukazi, kama walivyopata Wakorea wa Kusini, lakini sharti watoto hao wawe wamesoma na wana afya siku watakapofika miaka 20. Kila mwaka una watoto wake, na mtoto wa darasa la kwanza hawezi kuambiwa asubiri miaka kumi fedha zipatikane.

Hapo ndipo rushwa inapokata. Katika nchi ambayo watu hawaongezeki, fedha zikiibwa mwaka huu shule haipakwi rangi. Katika nchi inayoongezeka kwa asilimia 3.2, fedha zikiibwa mwaka huu kuna darasa halijengwi, na watoto wa darasa hilo wamekwisha kuzaliwa.

Chukueni mfano mmoja. Katika mwaka wa fedha 2005/06, zaidi ya shilingi bilioni 133 zililipwa kinyume cha utaratibu kwa makampuni 22 kutoka akaunti ya madeni ya nje ya Benki Kuu ya Tanzania, ile kashfa ya EPA ambayo wazazi wenu wataikumbuka. Sehemu ya fedha ilirudishwa baadaye. Lakini gawanyeni bilioni 133 kwa ile ruzuku ya 10,000: ni ruzuku ya mwaka mzima kwa watoto milioni 13.3. Shule za msingi zote za Tanzania wakati ule zilikuwa na wanafunzi kama milioni 8.

Na mambo huzunguka pia upande wa pili. Zahanati yenye mkunga mmoja ikihudumia vijiji viwili, halafu watu wakaongezeka mara mbili, foleni hupata bei. Mkunga mwenye mshahara mdogo anaona watu 60 wamekaa nje. Mmoja anamnong'oneza kitu. Hapo rushwa imezaliwa na uhaba. Nayo kesho inazidisha uhaba, kwa sababu mwenye hela amepita na hana tena haja ya kulalamika kwamba mkunga ni mmoja.

Kuna mzunguko mwingine wa polepole zaidi. Utafiti wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta mwanamke huzaa wastani wa watoto 4.8. Walio na elimu ya sekondari huzaa wachache kuliko wasiosoma, nao huanza kuzaa wakiwa wakubwa zaidi. Sasa shule ikikosa fedha zake na kuanza kuomba michango, ni mtoto gani anayebakishwa nyumbani kwanza? Waulizeni bibi zenu. Fedha za shule zilizoibwa leo zinaweza kurudi baada ya miaka 15 zikiwa ukurasa wa sensa.

Lakini msiondoke na jibu rahisi. Indonesia chini ya Rais Suharto, mpaka mwaka 1998, ilijulikana dunia nzima kwa rushwa, familia yake ikiwa mbele. Hata hivyo uchumi ulikua kwa kasi, shule za msingi zaidi ya 60,000 zilijengwa miaka ya 1970, na uzazi ukashuka kutoka watoto zaidi ya watano kwa kila mwanamke hadi chini ya watatu. Karibu miaka hiyo hiyo, kuanzia 1965 hadi 1997, Mobutu alitawala Zaire. Kule barabara ziliota majani, walimu walikaa miezi bila mshahara, na wananchi wakatunga utani kwamba katiba ina kifungu cha 15 kinachosema: jitafutie mwenyewe. Nchi zote mbili zilikuwa na rushwa. Ya kwanza waliiba juu ya kitu kilichojengwa, ya pili waliiba na msingi. Wala Indonesia haikusalimika. Mgogoro wa fedha ulipokuja mwaka 1997 uchumi uliporomoka, na mwaka uliofuata Suharto akajiuzulu.

Kwa hiyo aliyeuliza kama tumezaana sana, jibu langu ni hili: idadi peke yake haimfanyi mtu maskini, ila kuongezeka haraka kunaifanya kila shilingi iwe na haraka zaidi ya kufika. Na aliyesema wakubwa wanaiba, nakubali, lakini si wakubwa tu.

Na sisi tulio mbali

Hapa nazungumza zaidi na wazazi. Watoto wetu wanatusikia kwenye simu. Wanatusikia tukituma hela ya "mchango wa shule" kwa mtoto wa ndugu yetu, shule ambayo ada yake imefutwa. Hilo ni jambo jema, na familia nyingi zingeanguka bila hela hizo. Ila tukumbuke wale wazazi wa Uganda: walivyolipa kwa utulivu, hakuna aliyeuliza ruzuku imekwama wapi. Ukituma hela, ongeza na swali. Muulize kaka yako kama fedha za ruzuku zimebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule.

Wanatusikia pia tukishughulikia hati ya kiwanja. "Mpe tu kitu kidogo amalize." Simhukumu mtu. Aliye na likizo ya wiki mbili hana siku za kukaa kwenye benchi la ofisi ya ardhi, na wenye ofisi wanajua hivyo vizuri sana. Lakini kwenye lile benchi kuna mwanamke ambaye faili lake lilikuwa juu ya letu, naye hana ndugu wa kumtumia paundi. Kila mara paundi inapopita mbele yake, bei ya foleni inapanda kwa wote wanaobaki.

Na kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: Sheria ya Hongo ya Uingereza ya mwaka 2010 haiishii Dover. Inamgusa raia wa Uingereza na mkazi wa kawaida wa hapa hata kama hongo imetolewa nchi nyingine, na haina msamaha kwa malipo madogo ya kuharakisha huduma. Mjue hilo kabla ya safari ya Desemba.

Mazoezi

Andika kwenye daftari, kwa Kiswahili. Hesabu mnaruhusiwa kuzifanya kwa simu.

Tuseme shule ya msingi ina watoto 400, na kila mmoja ana ruzuku ya shilingi 10,000. Zikifika zote, shule inapata kiasi gani? Ikifika asilimia 13 tu, kila mtoto anabaki na shilingi ngapi? Sasa badilisha: fedha zote zimefika, lakini mwalimu mkuu ameandika watoto 440, zile za watoto 40 wa ziada ameweka mfukoni, na watoto 400 wamepata haki yao kamili. Nani ameibiwa? Andika angalau sentensi nne, maana swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana.

Tunga sentensi tatu ukitumia "hewa" katika maana mpya tuliyojifunza. Moja iwe katika umoja, moja katika wingi, na ya tatu iwe ya kuchekesha.

Mpigie simu babu, bibi au mkubwa yeyote aliyesoma nyumbani. Mwamkie vizuri kwanza. Muulize darasa lake la kwanza lilikuwa na watoto wangapi na dawati moja lilikaliwa na wangapi. Kisha muulize mtoto anayesoma shule hiyo hiyo sasa, au mzazi wake. Leteni namba zote mbili Jumamosi, pamoja na jina la shule na mwaka. Tutazibandika kwenye ramani ile kubwa ya ukutani. Wenye jamaa Kongo, namba zenu tunazisubiri zaidi.

Wazazi, swali lenu ni la mdomo, na mlijibu mbele ya watoto wenu: mara ya mwisho mlipotoa kitu kidogo, foleni ilikuwa na watu wangapi?